Jinsi ya Kusoma Magazeti ya Kila Siku kwa Ajili ya Usaili wa Utumishi wa Umma: Mwongozo Kamili kwa Wasailiwa wa Mwanza

Wasailiwa wengi wa Kanda ya Ziwa huanza kununua magazeti kwa bidii mara tu tangazo la kazi linapotoka, lakini wakishakaa kwenye chumba cha usaili wa mchujo, yaani mtihani wa awali wa kuandika, hujikuta wanakumbuka vichwa vya habari tu. Wanajua kwamba daraja limefunguliwa, bajeti imepitishwa na halmashauri fulani imepata hati yenye shaka. Ila wakiulizwa ni chombo gani kinachosimamia jambo hilo, kwa sheria ipi, na kwa nini uamuzi ulikuwa huo na si mwingine, kalamu inasimama. Kosa hili hujirudia kila msimu wa usaili, nalo halitokani na uvivu. Linatokana na kusoma gazeti ili kujua kilichotokea, wakati msailiwa anapaswa kulisoma ili kujua serikali inavyofanya kazi.

Ieleweke mapema kwamba gazeti halichukui nafasi ya masomo ya fani yako, kwa kuwa sehemu kubwa ya maswali ya mchujo hutoka kwenye majukumu ya kada uliyoomba. Gazeti lina kazi mbili. Ya kwanza ni kukupa mifano hai ya kujengea hoja. Ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kusahihisha notisi za kudurufu zinazopita mkono kwa mkono miongoni mwa waombaji kazi. Notisi nyingi bado zinaeleza OPRAS kana kwamba ndiyo njia ya kupima utendaji wa mtumishi, wakati serikali imehamia PEPMIS. Zinataja TANePS katika ununuzi wa umma, wakati mfumo unaotumika sasa ni NeST. Na zinaorodhesha nchi sita za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, hivyo nchi wanachama ni nane. Msailiwa aliyekariri notisi hizo hupoteza alama kwa kujibu kwa uhakika jambo ambalo halipo tena.

## Vifaa unavyohitaji kabla ya kuanza

Andaa kaunta buku moja, peni za rangi mbili, rula, na karatasi za manila ulizozikata vipande vyenye ukubwa wa kiganja, ambavyo katika mwongozo huu tutaviita kadi. Ongeza bahasha kubwa ya kuhifadhi kurasa utakazokata.

Tafuta nakala ya tangazo la kazi kutoka Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, na uichape, kwa maana utairejea kila siku. Tafuta pia Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2022. Hizi ndizo utakazotumia kupima kila unachokisoma gazetini.

Kuhusu magazeti yenyewe, mawili kwa siku yanatosha. Chukua Habari Leo, kwa sababu ni gazeti la serikali na hueleza maagizo na miradi kwa lugha ya ofisi, na uliambatanishe na gazeti binafsi kama Mwananchi au Nipashe, ambalo litakuonyesha malalamiko ya wananchi na upande wa pili wa jambo lile lile. Siku moja au mbili kwa wiki badilisha moja kwa Daily News au The Citizen, kwa kuwa huenda ukaulizwa kwa Kiingereza, na istilahi za kazi yako unapaswa kuzijua kwa lugha zote mbili.

Asiye na fedha ya kununua kila siku asikate tamaa. Nenda Maktaba ya Mkoa, au unda kikundi cha watu wanne au watano wa mtaa mmoja, iwe Igoma, Buhongwa au Kirumba, mkapokezana kununua na kusoma. Kwa aliye Ukerewe, ambako gazeti husubiri kuvuka maji hadi Nansio, kusoma toleo la jana hakuna hasara yoyote, kwa sababu hakuna swali la usaili linalotegemea habari ya asubuhi hiyo.

## Hatua ya 1: Weka mipaka kwa kutumia tangazo la kazi

Andika majukumu yote yaliyoorodheshwa kwenye tangazo katika ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, kisha mbele ya kila jukumu andika neno moja au mawili ambayo ungetarajia kuyaona gazetini. Aliyeomba nafasi ya Mtendaji wa Mtaa ataandika ulinzi na usalama, mapato, migogoro ya ardhi, mikutano ya hadhara ya wananchi. Afisa Uvuvi ataandika uvuvi haramu, vizimba, leseni, mazao ya samaki, mialo. Afisa Ununuzi ataandika zabuni, NeST, mikataba, wazabuni wa makundi maalumu.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba gazeti lina habari nyingi mno kuliko uwezo wa mtu kukumbuka. Ukiingia bila mipaka utasoma kila kitu kwa uzito ule ule, na mwisho wa wiki hutakuwa na kitu mkononi.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kupitia kurasa zote za gazeti kwa dakika tano na kusema bila kusita ni habari zipi nne au tano zinazokuhusu.

## Hatua ya 2: Soma kwa mpangilio huu

Usianze na ukurasa wa mbele. Ukurasa huo hupangwa ili gazeti linunuliwe, na mara nyingi hubeba siasa za vyama au tukio la kusisimua. Anza na habari za kitaifa za kurasa za ndani, fuata habari za mikoani, kisha biashara na uchumi, halafu tahariri, na mwisho kabisa matangazo ya serikali na zabuni. Kurasa za mikoani zina thamani kubwa kwa kada za halmashauri, kwa sababu humo ndimo utakuta mkuu wa wilaya amesimamisha mradi, madiwani wamekataa taarifa ya fedha, au zahanati imekamilika bila watumishi. Hayo ndiyo mazingira utakayoulizwa ungefanya nini.

Matangazo nayo yana faida yake. Tangazo la zabuni hukuonyesha taasisi gani inanunua nini na kwa utaratibu upi, na tangazo la mipango miji hukufundisha hatua ambazo vitabu huzipita haraka.

Tumia saa moja, isizidi saa moja na nusu. Michezo soma baada ya hapo kama mapumziko.

Onyo: usipigie mstari wakati wa kusoma mara ya kwanza. Soma habari hadi mwisho, kisha rudi na peni. Anayepigia mstari tangu sentensi ya kwanza hupaka rangi ukurasa mzima, na kesho yake hajui lipi lilikuwa muhimu.

## Hatua ya 3: Geuza habari kuwa kadi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaposhindwa, hivyo tutakaa hapa kwa muda.

Kila habari uliyoichagua iandikie kadi moja yenye mambo matano: chombo kinachohusika, sheria au sera inayokipa mamlaka, tarakimu pamoja na tarehe yake, sababu ya jambo kufanyika, na changamoto iliyobaki pamoja na pendekezo lako. Usinakili sentensi za mwandishi. Andika kwa maneno yako, kwa sababu siku ya usaili utaandika kwa maneno yako.

Chukua mfano tunaoufahamu sote. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, yaani daraja la Kigongo–Busisi linalokatiza Ghuba ya Mwanza na kuunganisha Misungwi na Sengerema. Msomaji wa kawaida atakumbuka sherehe na picha. Kadi ya msailiwa, kabla hujaongeza sheria inayokipa chombo mamlaka, itasomeka hivi:

Chombo: Wizara ya Ujenzi kupitia TANROADS, ambayo husimamia barabara kuu na za mikoa. Barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya halmashauri husimamiwa na TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI. Vivuko vya serikali husimamiwa na TEMESA.

Tarakimu: urefu wa daraja kilomita 3; gharama zaidi ya shilingi bilioni 700; kufunguliwa 19 Juni 2025.

Sababu: kuondoa foleni ya kusubiri kivuko, kurahisisha safari ya wagonjwa na mazao, na kufungua njia ya Geita, Kagera na nchi jirani.

Changamoto na pendekezo: wafanyabiashara wadogo waliotegemea abiria wa kivuko wamepoteza wateja, halmashauri za pande zote mbili zitenge maeneo ya biashara kwenye njia mpya na kuwaunganisha na mikopo ya vikundi.

Tazama kwamba sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kadi hii ni ile ya chombo, ingawa ndiyo ambayo habari yenyewe huenda haikuieleza kabisa. Swali la kutofautisha TANROADS na TARURA, au RUWASA inayoshughulikia maji vijijini na MWAUWASA inayoshughulikia maji ya jiji letu, linaweza kuja kwa sura nyingi, na mwenye kadi hulijibu bila kutafuta.

Mfano wa pili ni wa Afisa Maendeleo ya Jamii. Umesoma kwamba halmashauri imekabidhi hundi kwa vikundi vya wanawake wa mwaloni wa Kirumba. Hundi ni tukio. Kilicho nyuma yake ndicho kinachotahiniwa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha marejesho hafifu na vikundi hewa, ukarejeshwa Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Ukiyaandika hayo, swali la kueleza changamoto za mikopo ya asilimia 10 na namna ya kuzitatua unakuwa umelijibu nusu kabla hujaliona.

Kadi tatu kwa siku zinatosha. Anayeandika kumi kwa siku huchoka kabla ya wiki kuisha, na kadi zake huwa za kunakili.

Utajua umefanikiwa pale unapoweza kumweleza mwenzako kadi yako kwa dakika mbili bila kuitazama, naye akaelewa.

## Hatua ya 4: Hakiki kabla ya kukariri

Magazeti huandikwa kwa haraka. Daraja hilo la Kigongo–Busisi limewahi kuandikwa kuwa na urefu wa kilomita 3.2 mahali pengine na kilomita 3 mahali pengine. Ukikuta tofauti ya namna hiyo, chukua tarakimu ya taasisi inayosimamia mradi, na uandike chini ya kadi kwamba umeipata huko.

Kwa idadi ya watu, chanzo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na mkoa wa Mwanza watu 3,699,872. Gazeti likiandika idadi nyingine bila kueleza kwamba ni makadirio ya mwaka unaofuata, baki na ile ya sensa.

Kuna maneno manne yanayochanganywa sana na waandishi, na kwa sababu hiyo na wasailiwa. Muswada si sheria: huwa sheria baada ya kupitishwa na Bunge na kupata kibali cha Rais. Bajeti iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa, na halmashauri inaweza kuidhinishiwa bilioni mbili ikapokea nusu yake. Agizo la kiongozi jukwaani si waraka. Na tuhuma iliyotajwa katika ripoti ya ukaguzi si hukumu. Kwenye kadi andika neno sahihi, hata kama kichwa cha habari kimetumia lisilo sahihi.

Onyo: picha za kurasa za magazeti zinazosambazwa kwenye makundi ya simu usizitumie kabla ya kuthibitisha toleo na tarehe. Baadhi hutengenezwa, na nyingine ni za miaka iliyopita.

## Hatua ya 5: Ifuate kalenda ya serikali

Habari za serikali zina msimu wake. Ukiujua msimu, utajua gazeti la mwezi ujao litabeba nini, na utaanza kusoma msingi wake mapema.

Mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, na ripoti hizo huwasilishwa bungeni Aprili. Huo ni wakati wa kujifunza aina za hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, na ile ambayo mkaguzi ameshindwa kutoa maoni. Msailiwa wa uhasibu, ukaguzi au ununuzi ahifadhi kurasa za wiki hizo zote kwenye bahasha.

Kuanzia Aprili Bunge hukaa Dodoma kwa mkutano wa bajeti, na kila wizara husoma hotuba yake. Tafuta hotuba ya wizara inayosimamia kada yako na uisome yote kwa sababu gazeti litakupa aya tano tu, ilhali hotuba itakupa vipaumbele, mafanikio na changamoto kwa mpangilio unaofanana sana na majibu yanayotakiwa. Katikati ya Juni husomwa bajeti kuu; ile ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na ndipo mabadiliko ya kodi na tozo huanza kutumika.

Zaidi ya hapo, fuatilia mabadiliko ya muundo wa serikali. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 liliundwa baraza jipya la mawaziri. Kila yanapotokea mabadiliko ya namna hiyo, pitia kadi zako zote na usahihishe majina ya wizara na viongozi kwa peni nyekundu. Fanya vivyo hivyo kwa nyaraka kuu: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, ndiyo inayochukua nafasi ya Dira 2025, na kila hoja yako kuhusu maendeleo ifungamane nayo.

## Hatua ya 6: Jitungie maswali kila Jumamosi

Siku sita za kusoma zifuatwe na siku moja ya kujipima. Chagua kadi tano za wiki na utunge swali moja kwa kila kadi, ukitumia vitenzi vya mtihani: eleza, tofautisha, fafanua, pendekeza. Kisha jibu maswali mawili kwa maandishi ndani ya muda uliojipangia, na matatu kwa sauti mbele ya mwenzako.

Kujibu kwa sauti kunahitaji mkazo wa pekee. Wapo wanaofaulu mchujo kwa alama nzuri na kuanguka kwenye mahojiano kwa sababu hawajawahi kuyatamka wanayoyajua. Kaeni watatu: mmoja aulize, mwingine ajibu, wa tatu atazame saa na kuandika kasoro. Siku moja fanyeni kwa Kiswahili, siku nyingine kwa Kiingereza.

Jibu zuri lina mwendo huu: sema jambo, taja chombo na sheria, toa mfano mmoja wenye tarehe, eleza changamoto, pendekeza hatua iliyo ndani ya uwezo wa nafasi unayoomba. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika. Anayeomba utendaji wa mtaa asipendekeze kubadilisha sheria ya nchi. Apendekeze kuitisha mkutano wa wananchi, kuandaa taarifa kwa mtendaji wa kata, au kusimamia sheria ndogo za halmashauri.

Onyo: usilete msimamo wa chama chochote mbele ya jopo, wala usimseme kiongozi kwa kejeli au kwa sifa zilizopitiliza. Maadili ya utumishi wa umma yanadai mtumishi awahudumie wananchi wote bila upendeleo wa kisiasa, na jopo linaweza kukupima kwa hilo hata pale linapouliza swali la kawaida.

## Hatua ya 7: Siku za mwisho na siku yenyewe

Ukishaitwa kwenye usaili, punguza usomaji wa magazeti hadi nusu saa kwa siku na usiandike tena kadi mpya, isipokuwa kwa jambo kubwa linalogusa kada yako moja kwa moja. Panga kadi zako kwa majukumu yaliyo kwenye tangazo, si kwa tarehe, kwa maana maswali huulizwa kwa majukumu. Jukumu lisilo na kadi hata moja ndilo la kulisomea kwanza.

Hakiki pia mambo ya kiutawala: vyeti halisi, kitambulisho chenye majina yanayolingana na vyeti, kituo cha usaili na saa. Kama kituo kiko mbali na unatoka Sengerema, Kwimba au Ukerewe, fika Mwanza siku moja kabla.

Asubuhi ya usaili pitia kadi kumi tu ulizozichagua jana yake. Ukitoka chumbani, kabla hujapanda daladala, andika kwenye kaunta buku kila swali unalolikumbuka na uweke alama kwenye yale ambayo kadi zako hazikuyagusa, kwa sababu ukiitwa kwenye mahojiano, wiki hiyo inayofuata utaanza na maswali hayo.